Msitu Uliopakwa Rangi Nyekundu

Haya yalimpata shemeji yangu Thawin, mume wa dada yangu, na mimi nilikuwepo. Yalianza Jumatano ya kawaida, kwenye kikao cha kumi na moja cha ramani ya matumizi ya ardhi ya kata yetu. Rangi ya kijani ni kilimo, nyekundu ni biashara. Tangu barabara kuu ipite, kila mtu anataka shamba lake liwe jekundu na la jirani libaki kijani. Thawin ndiye mkuu wa mipango, mimi karani wake. Tulikuwa tumechoka hata kugombana.

Kilichobaki ni Msitu wa Pu Ta, mzimu wa babu anayelinda kijiji, ekari nne kando ya barabara. Watu walitaka soko hapo na kituo cha mafuta. Lakini msitu huo haukatwi tawi mpaka Babu aombwe ruhusa, siku ya Jumatano. Unakata fimbo ya urefu wa mikono yako iliyonyooshwa kulia na kushoto, unauliza, kisha unaipima tena. Mikono ikizidi fimbo, amekubali. Ikipungua, bado.

Kazi hiyo ni ya Mzee Bunhom, mtunza msitu, naye alikuwa kavunjika nyonga.

"Tumsubiri mzee," nilimwambia.

"Nimesubiri miezi saba, shemeji. Mikono si ninayo?"

Tukaenda saa sita mchana. Thawin alikata fimbo, akauliza, akapima. Mikono ilipungua. Akarudia, ikapungua tena. Mara ya tatu aliketi chini, akatoa kisu, akaichonga ncha ya fimbo, ikapungua upana wa vidole viwili. Akapima. Mikono ikazidi.

"Babu kakubali," akasema. "Andika."

Nikaandika, na msitu ukapakwa nyekundu kwenye ramani. Sijivunii.

Jumatano iliyofuata alikuja kazini mikono ya shati imemfika kwenye vifundo vya vidole.

"Mkuu, umeazima shati la kaka yako?" dereva alimtania.

Tulicheka, hata yeye. Dada yangu akazipunguza nguo zake mikono. Jumatano nyingine zikawa ndefu tena. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikifupika, kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Daktari wa wilaya alimkagua, akasema mikono ni mizima kabisa.

Ndipo tukaenda kwa Mzee Bunhom. Alikuwa kalala kwenye mkeka, hakutaka hata kumtazama Thawin.

"Babu hakukukatalia," alinong'ona. "Alikwambia bado. Ungeuliza tena Jumatano ya pili. Labda na soko lako ungelipata."

"Nifanye nini, mzee?"

"Rudisha msitu ulivyokuwa. Na usichelewe, maana ulichompunja atakichukua mwilini mwako."

Kurudisha. Mtu asiyefanya kazi ofisini anadhani ni kuchukua kalamu ya kijani. Sheria inataka tangazo, kisha siku tisini za pingamizi, ndipo baraza lipige kura. Nilihesabu Jumatano zilizobaki kabla mikono yake haijaisha. Thawin naye alihesabu, nilimwona midomo ikicheza.

"Zitatosha?" aliniuliza.

"Zitatosha, shemeji."

Sikujua kama zitatosha. Nilibandika tangazo siku hiyo hiyo. Waliotaka soko walileta pingamizi arobaini na moja, nami nilizijibu moja moja, macho yakiniuma. Mwezi wa pili, Thawin hakuweza kufunga kifungo cha shingoni. Mwezi wa tatu, mkono haukufika mdomoni. Dada alimlisha matonge ya wali wa kunata.

"Fungua mdomo, Baba Nok."

Alifungua. Alitafuna akitazama ukuta. Binti yao Nok alikula jikoni, peke yake.

Baraza lilipiga kura siku ya tisini na moja. Msitu ukarudi kijani kwa tofauti ya kura mbili. Jumatano iliyofuata dada alimpima mikono kwa utepe wa cherehani. Haikupungua. Alilia mpaka akakosa sauti, na mimi nililala masaa kumi na nne. Kila mkono ulikuwa umepoteza sentimita ishirini na nane, na haukurudi. Lakini tulikuwa naye.

Ilibaki kuweka vigingi vya mpaka. Wapimaji walikuja asubuhi, jua zuri, na vyombo vyao vipya. Wakapima. Wakapima tena. Kiongozi wao akanijia na hati.

"Dada, hati hii ina makosa. Msitu umezidi."

"Kiasi gani?"

"Sentimita ishirini na nane. Mashariki na magharibi, sawasawa."

Nilitazama ule ukanda uliozidi. Ulikuwa udongo mtupu, laini, bila jani wala sisimizi. Niliugusa. Ulikuwa na joto.

Kabla sijasema neno, kijana wa nyundo alikuwa tayari kwenye ukanda wa mashariki. Akapiga kigingi mara moja. Akapiga mara ya pili.

Simu yangu ikaita. Ni dada. Nyuma yake nilimsikia Thawin akipiga mayowe.

"Mnafanya nini huko?" dada alinong'ona. "Anasema mnampigilia kitu mkononi. Namwambia hapa hakuna kitu. Ananionyesha mbele ya vidole vyake, hewani, pale ambapo mkono haupo tena."

Kijana aliinua nyundo mara ya tatu. Nilimshika kiwiko.

"Usipige," nilimwambia. "King'oe. Polepole."