Milango Mipya, Maboksi Yale Yale

Jumamosi ile ilianza vizuri. Jua lilikuwa limeshaingia jikoni, redio inaongea peke yake sebuleni, na muuguzi, aliyekuwa na siku nne za mapumziko kazini, alikuwa amesimama juu ya kigoda anafungua skrubu za mlango wa kwanza wa kabati. Kila skrubu iliyotoka aliisindikiza kwa tusi. Binti yake wa miaka saba aliona ni mchezo, akawa anazipokea na kuzidondosha kwenye kopo.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba wa muuguzi. Kwa miaka thelathini ilikaliwa na mama wa kambo, na sasa naye alikuwa amekufa, tena usingizini, kifo ambacho muuguzi alikiona ni cha upendeleo. Kwenye mazishi watu walimmwagia sifa mpaka muuguzi akatoka nje asije akafumbua mdomo. Mama wa watu! Mkarimu! Mkarimu huyo ndiye aliyetia kitasa kila mlango wa kabati, milango tisa, vitasa tisa, na watoto wa mumewe wakawa wanaujua mkate kwa harufu.

Ndiyo maana alitaka kuyabadilisha makabati sura. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wanavyojifanyia wenyewe. Unaacha maboksi yaliyopigiliwa ukutani, unang'oa milango, unabandika vinia mpya, ule ubao mwembamba kama karatasi, mbele ya fremu, unafunga milango mingine. Jiko linakuwa jipya na ukuta hukuugusa.

Milango alikatiwa na mdogo wake, fundi seremala. Aliileta mchana ule, akaiegemeza barazani, na ndani hakuingia.

"Ng'oa na maboksi, Dada."

"Mbao ni nzima."

"Ng'oa."

"Wewe nawe! Seremala mzima unaogopa kabati?"

Hakucheka. "Ukibadilisha milango, umebadilisha nini?" alisema kwa sauti ya chini, kisha akapanda pikipiki yake akaondoka.

Muuguzi alibaki anafoka peke yake. Yeye alitaka hasa maboksi yabaki palepale, yavae alichokichagua yeye, bila hata kitasa kimoja. Alitaka yule mwanamke ashindwe ndani ya jiko lake mwenyewe. Akasugua mafuta ya miaka yote ile kwa maji ya moto na sabuni, akapiga msasa mpaka viganja vikachubuka, na matundu ya vitasa kwenye fremu akayaziba yote kwa puti.

Jumapili asubuhi puti ilikuwa sakafuni. Vipande tisa, kila kimoja chini ya tundu lake. Aliinama akaokota kimoja. Upande uliokuwa umeelekea ndani ya kabati ulikuwa na alama ya ncha ya kidole. Kidole kidogo.

"Ni wewe?" alimuuliza binti yake.

"Mimi hata sijaamka, Mama."

Na kweli, alikuwa bado na shuka mabegani. Muuguzi hakutaka kufikiri. Alikuwa na hasira, na hasira ilimtosha. Akaziba upya, akapaka gundi, akabandika vinia juu ya matundu yote na kuikandamiza kwa ngumi.

"Haya, toka sasa," aliziambia mbao.

Alasiri milango yote tisa ilikuwa imekaa, rangi ya maziwa, inapendeza. Akamwita binti yake. Hii ndiyo saa aliyoingoja tangu akiwa mtoto. "Fungua wowote unaotaka. Chukua biskuti, kula mpaka uchoke."

Mtoto akavuta. Akavuta kwa mikono miwili.

"Umefungwa."

Muuguzi aliufungua kwa kidole kimoja. "Umefungwaje na hauna kitasa?"

"Kwangu mimi umefungwa," mtoto alisema, na biskuti akazikataa.

Jumatatu mtoto alikula amesimama. Kila kipande cha mkate alikikata nusu, na nusu ile akaiweka sakafuni, mbele ya kabati la chini kushoto. Alipoulizwa anamwekea nani, aliweka kidole mdomoni. Jioni muuguzi alimpandisha kwenye mizani. Alikuwa amepungua kilo mbili. Kazini alipima watoto wa watu kila siku, alijua hakuna mtoto anayepungua hivyo kwa siku mbili.

Aliyapiga makabati kofi, moja baada ya jingine. "Mimi ulinipata! Huyu humpati! Unanisikia? Huyu humpati!"



Jumanne adhuhuri alitoka kuanika nguo. Hazikuwa nguo nyingi. Aliporudi, mtoto hayupo. Aliita chumbani. Aliita uani. Kisha akasikia jikoni mtu anagonga. Mara tatu, polepole, kama anayeogopa kusikika.

Ugongaji ule aliufahamu.

Akafungua mlango wa kwanza. Wa pili. Minane ikafunguka. Wa tisa, wa chini kushoto, ukagoma. Alivuta mpaka mshikio ukang'oka ukabaki mkononi.

"Mama," binti yake alisema ndani.

"Niko hapa! Sukuma!"

Ngo, ngo, ngo. Kushoto. Kisha kulia. Kulikuwa na wawili.

Akampigia mdogo wake. Hakumaliza sentensi. Seremala alifika na nyundo na patasi, akavuka kizingiti cha jiko asilolikanyaga tangu ahame nyumba ile. Dada yake hakuwa amemwambia ni kabati lipi. Alikwenda moja kwa moja kushoto, akapiga magoti, akavunja ubavu wa boksi.

Mtoto alitoka mzima. Alikuwa baridi, na midomo imekauka.

"Tulikuwa tunakuita, Mama."

"Tulikuwa? Wewe na nani?"

Mtoto aliangalia ndani ya boksi lililovunjwa. 

Seremala alikuwa bado amepiga magoti. 

"Nilikuwa na miaka minne," alisema. "Alikuwa ananifungia humu."

"Najua."

"Ulikuwa unanisikia?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo, na kila mdogo wake alipofungiwa, yeye alipewa mkate uliopakwa siagi, akaambiwa akae mezani ale. Akala. Ngo, ngo, ngo, naye anatafuna. Hasira aliyoibeba miaka yote kwa ajili ya marehemu ilimgeukia mwenyewe.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nakusikia."

 Mdogo wake alisimama, akaanza kung'oa maboksi. Moja, jingine. Hakupumzika. Dada yake alikuwa akiyaburuta uani na kuyatia moto, vinia mpya na yote, na mtoto amekaa barazani anakula mkate mzima, anaomba mwingine.

Likabaki boksi la chini kushoto. Lilikuwa limepigiliwa ukutani kabla baba yao hajahamia nyumba ile, na mgongo wake ulikuwa ubao mmoja usio na ufa. Seremala alilitoa, ukuta ukawa wazi.

Kulikuwa na maandishi chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto aliyekaa. Yalikuwa yameandikwa kwa kidole, kwa gundi ileile ya vinia, na bado yalikuwa mabichi.

DADA FUNGUA

Muuguzi alipiga magoti akaanza kulia. "Nisamehe," alisema. "Mdogo wangu, nisamehe."

Seremala aliyasoma mara mbili. Akarudi nyuma hatua moja.

"Dada," alinong'ona. "Mimi wakati ule sikujua kuandika."