Chupa Tupu Juu ya Ruwenzori

Kamyo ya mizigo na abiria ilikuwa imetoka Beni inaelekea Kasindi, na upande wa kushoto Ruwenzori ilikuwa imejifunika mawingu mpaka puani kama mtu asiyetaka kusalimiwa, ndipo risasi zikalia mbele. Abiria waliruka, kila mmoja kwa mlango wake, na asiye na mlango akajitengenezea. Kyakimwa, mama wa Bulengera anayeuza mawese, aliruka na umri wake wote na makalio yake yote, na maishani mwake hakuwahi kuruka vizuri vile. Yassini, shofele aliyekuwa usukani, aliruka vibaya: bati la mlango likampasua mguu chini ya goti.

Walikimbilia mlimani, wao wawili, moshi ukiwafuata nyuma. Hofu ni punda mzuri, haiulizi kilima kina urefu gani. Ilipowatua, walikuwa wameshapita mashamba na miti mikubwa, wako kwenye mianzi, ndani ya wingu zito kiasi kwamba Kyakimwa hakuona miguu yake mwenyewe.

"Niko navuta hewa, lakini haiingie," alisema akihema. "Ata hewa ya huku inaogopa batu?"

"Hapana, mama. Ni kidogo tu." Yassini alikuwa akifunga kidonda kwa shati. "Hewa imepangwa kama mifuko ndani ya kamyo. Mufuko wa chini unabeba ingine yote, unakandamizwa. Ya juu inabaki nyepesi. Hauonaka bido zako, zile dumu za mawese? Nazifungaka Beni ziko sawa, nikipandisha Butembo zinafika zimevimba kama tumbo ya mukubwa."

"Kumbe! Mi nilifikiriaka ni bulozi ya batu ya Beni."

Yassini akanywa maji ya mwisho, akafunga ile chupa ya plastiki kwa nguvu zake zote. "Tunaifunga hapa juu. Tukishuka kweli, hewa ya chini itaifinya. Ikibaki ya mviringo, tuko nazunguka bule."

Walikuwa na haja ya shahidi kama huyo. Katika msitu ule unashuka kilima kimoja unapanda viwili, na wingu halikuambii umepata au umepoteza. Na siku ya pili mguu ulikuwa umeanza kunuka, ingawa wote wawili walijifanya ni majani yaliyooza. Wasipofika kwa muuguzi kabla sumu haijapanda pajani, Yassini atabaki mlimani.

Wakachagua bonde la kuume. Mvua iliwanyeshea usiku kucha, mvua ya baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Alfajiri Kyakimwa aliiokota chupa kwenye matope: imefinyika, mbavu zimeingia ndani.

Yassini akaibusu. "Alhamdulillah! Tumeshuka sana. Tufuate hii bonde."

"Lakini mianzi iko ileile. Na baridi imezidi. Chini si kunakuwaka joto?"

"Mama, chupa haina mudomo wa kudanganya."

"Ata bwana yangu nilimusemaka vile."

Lakini mguu ulikuwa wa Yassini, si wake, basi akamfuata. Walikokotana siku nzima, yeye na fimbo ya mwanzi upande mmoja, Kyakimwa upande wa pili. Bonde halikushuka. Lilifunguka kwenye bwawa la matope meusi, miti imening'iniza ndevu za kijivu, na mbele ya bwawa kulikuwa na jabali lililokatika wima. Chini yake ni mawingu tu. Njia ilikuwa imekwisha.

Yassini akakaa ndani ya matope. Mguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka gotini.

"Fungua chupa, mama. Unichotee maji."

"Nikifungua, hatutajua tena juu wala chini." Akalowesha kikwembe chake kwenye bwawa, akamkamulia mdomoni.

"Kinanuka!"

"Kinanuka mi. Kunywa."

Kwa hasira akaisukumia chupa kifuani, chini ya blauzi, mahali ambapo hakuna kitu kilichoingia tangu marehemu mume wake. Wakaegemeana migongo, wakitetemeka. Baada ya kitambo, tak! Kyakimwa akaruka, akidhani ubavu umevunjika. Akaitoa chupa. Ilikuwa ya mviringo, bila mkunjo hata mmoja, na wao hawakuwa wamepanda hata hatua.

Akaigeuza mikononi. Akakumbuka termosi ya chai: unaifunga jioni ikiwa moto, asubuhi kizibo kimevutwa ndani, mpaka ukivute kwa meno.

"Yassini. Si hewa ya chini ilifinya chupa. Ni baridi. Baridi inakunja hewa ya ndani, inafanya kama vile tumeshuka. Ilikuwa lazima tuipashe kwanza, ndipo tuiulize."

Yassini akautazama mguu wake. "Siku muzima," akasema. "Siku muzima ya muguu yangu."

Walirudi juu kwa mikono na magoti. Kwenye kila kituo Kyakimwa aliipasha chupa kifuani, na Yassini akageuza uso kwa heshima, mpaka homa ilipomwondolea hata heshima. Mgongoni mwa mlima: ya mviringo. Wakaingia bonde la kushoto. Bado ya mviringo. Wakateremka tena, na safari hii ubavu mmoja ulikuwa umebonyea.

"Iko na joto yangu na bado imefinyika. Unasikia, mutoto yangu?"

Hakujibiwa. Akampitisha kikwembe chini ya kwapa, akamburuta kwenye utelezi, akimkamulia maji ya zile ndevu za miti, akimtukana ili asilale. Mianzi ikaisha. Hewa ikaanza kuingia kifuani nzito kama uji. Wadudu wakarudi, jasho likarudi. Chupa ilitoka kifuani ina joto, pande zake zikigusana. Kisha ikaja harufu chachu ya kakao iliyofunikwa majani ya migomba.

Kamate, mwenye shamba lile, aliona kitu cha matope kinaburuta maiti, akatupa panga akakimbia. Aliposikia matusi nyuma yake akasimama: mzimu hautukani kwa Kinande safi hivyo. Akarudi na wanaume wanne na tipoyi, machela ya kubebea wagonjwa.

Kwenye kituo cha afya walimkata Yassini mguu juu ya goti. Muuguzi alisema wangefika siku moja mapema, labda. Kyakimwa akamwomba asirudie neno hilo karibu na kitanda.

Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akatafuta maneno ya kumchekesha mgonjwa, akayakosa. Akaweka mkono pale blanketi ilipokuwa imelala bapa.

Yassini akafumbua macho. "Mama, toa mukono. Unaniumiza vidole."

Kyakimwa akauinua haraka. "Pole, mutoto yangu," akasema, na mkono ukabaki hewani, haujui utue wapi.