Picha Tatu za Sikukuu

Jina lake Ahmada wa Ngwali, mzaliwa wa Kiuyu, lakini Wete nzima ilimwita Msemaji. Hakulima wala hakuvua. Zama zile, miaka ya thelathini ndiyo kwanza inaanza, sinema zilizofika Pemba zilikuwa bubu: watu wanalia, wanagombana, wanaagana, na sauti huisikii. Maandishi yaliyopita kati ya picha yalikuwa ya Kizungu. Basi Ahmada alisimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea picha na bakora yake, akawasemea. Mama wa Kizungu akifungua mdomo, maneno yalitoka kwa Ahmada, kwa Kipemba cha kwao, na wanawake waliokaa nyuma ya pazia wakalia kama waliofiwa.

Theluji hakuwahi kuiona. Siku moja watu walimuuliza kile kinachomwangukia mama mmoja njiani katika picha ni kitu gani. Akawaambia ni sufi, kwamba nchi hizo misufi yao hupasukia mbinguni. Watu wakaridhika, na picha ikaendelea.

Mwaka huo, siku kumi kabla ya Sikukuu ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, Bwana Zahran bin Hamood alimwita. Huyu alikuwa na mashamba ya mikarafuu nje ya mji, na ghala lake moja ndilo lililokuwa nyumba ya sinema. Alimweleza kwamba Unguja sasa picha zimeanza kusema zenyewe, kwa hivyo zile bubu zinatupwa. Yeye amepata kasha zima, picha tisa. Anataka tatu tu, zile za simanzi, za kumtoa mtu machozi, zionyeshwe Sikukuu pili, siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri. Zilizobaki zirudi na meli. Kuchagua alimwachia Ahmada.

Ahmada alifurahi. Kwa asubuhi tatu yeye na Othman, fundi wa mashine aliyetoka Unguja, walijifungia ghalani. Walitia magunia kwenye madirisha mpaka kukawa kiza, Othman akawasha taa ya kabaidi na kuzungusha mkono wa mashine. Humo ndani kulinukia karafuu hata makoo yakawasha. Othman alipenda farasi na mbio. Ahmada hakuzitaka. Kwake yeye picha nzuri ilikuwa ile inayomkosesha maneno kwanza, kisha ikampa. Alimpenda mlinzi wa mnara wa taa aliyepofuka akamficha binti yake jambo hilo. Alimpenda yule mama wa theluji, aliyekuja tena katika kasha hili. Hizo mbili alikwisha kuziweka kando, akibakisha ya tatu.

Picha ya tano ilikuwa ya msichana mfuaji aliyedanganywa na mtoto wa tajiri. Ilianza katika nyumba kubwa ya kufulia. Wanawake wa Kizungu kama ishirini, wamevaa nguo nyeupe ndefu za kufunga mbele, wameinamia mapipa, mvuke umetanda. Ahmada alikuwa akimtafuta yule msichana amjue sura, apate kumtungia maneno.

Akamuona mwanamke mwengine.

Alikuwa safu ya nyuma kabisa. Kanga kaifunga kifuani. Bega lake la kushoto limeshuka chini ya la kulia. Alifua bila kuinua kichwa, na wale wengine walimpita kama hayupo. Kisha mvuke ukapisha, akainua uso.

Alikuwa Mwanawema, mkewe. Na Mwanawema alikuwa kaburini Kiuyu mwaka wa pili huo.

Ahmada alimwambia Othman arudishe nyuma. Othman akarudisha. Wakatazama tena. Ahmada akanyoosha bakora mpaka ikagusa kitambaa, akauliza kama anamuona huyo. Othman alisogea, akakodoa macho, akasema hapo hapana mtu, pana mikwaruzo, picha imechakaa.

"Rudisha tena," Ahmada alisema.

Walirudisha mara saba. Mara ya saba aliiteremsha bakora, kwa sababu Mwanawema hakuwa tena safu ya nyuma. Alikuwa safu ya pili.

Lazima isemwe hapa jinsi Mwanawema alivyokufa. Alishikwa na homa asubuhi, na Ahmada alikuwa Chake Chake akisema picha. Walimpelekea habari. Akaona amalize ya siku ile kwanza, watu wamekwisha kujaa. Alipofika Kiuyu, maiti imekwisha kukoshwa. Wanaume walioibeba walitazamana njiani, kwani jeneza lilikuwa jepesi kama halina kitu. Mkwewe, Bi Moza, alimvuta kando akamnong'oneza kwamba mwanawe hakufa, kachukuliwa. Kilichomo ndani ya sanda ni gogo la mgomba, na mwenyewe kapelekwa kufanya kazi pasipojulikana. Alimwomba Ahmada wafanye la kufanya kabla udongo haujakauka. Ahmada akamjibu kuwa hiyo ni shirki. Na kweli ni shirki. Lakini moyoni alijua kwamba hakutaka watu waulize alikuwa wapi.

Asubuhi ya pili walitazama picha ya stesheni ya reli, askari wanakwenda vitani. Mwanawema alikuwapo. Amejitwika mzigo kichwani, anapita kati ya watu wanaoagana, anautua, anarudi kuchukua mwengine. Ya hakimu aliyemhukumu mwanawe, alikuwamo pia. Hakimu anasoma hukumu, na chini, miguuni pa watu, Mwanawema anasugua sakafu kwa magoti.

Kila mahali anafanya kazi. Hapumziki. Na kila picha ilipokaribia mwisho aliinua uso na kutikisa midomo.

Ahmada alikuwa ametumia miaka sita kutazama midomo ya watu wasiokuwa na sauti. Hakuhitaji kuambiwa.

Niite, alisema Mwanawema. Niite.

Ahmada hakuthubutu. Siku ile ile alitoka, akaifuata njia ya Kiuyu, na magharibi ilimkuta barazani kwa Bi Moza. Alimwamkia, akamweleza yote, toka ya mapipa mpaka ya sakafu ya mahakama.  Bibi yule alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na vidole havikusimama. Ahmada alipomaliza, Bi Moza aliuliza jambo moja tu.

"Kakonda?"

"Kakonda, mama."

Bi Moza aliuweka ungo chini. Akamwambia, kwa sauti ya chini, yale aliyoyapokea kwa mamaake. Aliyechukuliwa huweza kurudi kwa Mungu wake akalala kama maiti wengine, ila aitwe kwa jina lake, mbele ya watu, na mtu anayempenda. Lakini pale alipotoka hapabaki patupu. Anayeita ndiye anayepashika.

"Sasa wajua," alisema. "Nani atamwita?"

"Mie," Ahmada alisema. "Mie n'tamwita. Sikukuu pili, mbele ya watu wote."

Bi Moza aliuchukua tena ungo wake. Hakumshukuru, wala hakumkataza.

Ahmada alirudi Wete akabadilisha uchaguzi wake. Mlinzi wa mnara alirudi kashani, na mama wa theluji naye. Othman alipinga, alisema zile ndizo zilizomliza Ahmada mwenyewe, na hii ya wafuaji mwisho wake umekatika, haieleweki. Ahmada hakubishana. Alimpelekea Bwana Zahran jina la picha ya stesheni, ya hakimu, na ya wafuaji, hii ikiwa ya mwisho. Zile siku zilizobaki aliaga watu bila ya kuwaambia kuwa anawaaga. Alilipeleka koti lake zuri kwa nduguye, akasema limembana.

Sikukuu pili ilipofika, ghala lilijaa mpaka mlangoni. Wanaume mbele na kanzu zao za sikukuu, wanawake nyuma ya pazia la majamvi. Ahmada alipopita alimuona Bi Moza amekaa ukingoni mwa pazia, kajifunika buibui, yeye ambaye hakupata kukanyaga sinema maisha yake. Kuja kwake kulimtia Ahmada nguvu.

Ya stesheni aliisema vizuri. Ya hakimu aliisema vizuri zaidi. Watu wazima walifuta macho. Mwanawema alipita na mzigo wake, akasugua sakafu yake. Hakuna aliyemuona. Ahmada aliendelea kusema.

Kisha mapipa yakatokea.

Mara hii hakuwa nyuma. Alikuwa mbele, pipa la kwanza, mkubwa kuliko wote. Maji yalimfika viwikoni. Watu wa mstari wa mbele walianza kujifuta mikono na nyuso, wakatazama juu kwenye bati, wakidhani mvua inavuja. Kulikuwa kukavu. Kulikuwa na jua kali nje.

Mwanawema aliinua uso.

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeumuka, nyeupe. Midomo yake ilitikisika. Watu wote wakamgeukia Ahmada, kwa kuwa mashine inazunguka na Msemaji amenyamaza.

Alifungua mdomo. Lile jina alikuwa nalo ulimini, alilisikia hata ladha yake. Lakini aliyatazama yale mapipa, safu kwa safu, mvuke usiokuwa na mwisho, na akafahamu kwamba kule hakuna jioni.  

Jina halikutoka.

Mwanawema alingoja. Alimtazama mumewe hivi, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Kisha taratibu akaanza kuinama tena.

"Mwanawema."

Sauti haikuwa kubwa. Ilitoka kwenye pazia. Bi Moza alikuwa amesimama, buibui limemteleza kichwani.

"Mwanawema, mwanangu. Njoo."

Yule aliye kwenye picha aligeuka. Aliiachia nguo, ikazama. Alitembea, mikono ikichuruzika, mpaka ukingoni mwa kitambaa, akatoka. Pipa likabaki peke yake. Nguo ikaelea juu. Ahmada alikuwa karibu, hakuweza kufumba macho. Akaiona mikono mingine, ya mtu mzima, yenye mishipa, ikiingia majini na kuishika ile nguo.

Hapo wanawake wakapiga ukelele. Othman aliacha mashine akakimbilia madirishani kung'oa magunia. Mwanga ulipoingia, Bi Moza alikuwa amekaa kwenye jamvi, kaegemea nguzo, kama aliyesinzia. Alikuwa amekufa.

Gari la Bwana Zahran lilimrudisha Kiuyu jioni ile. Bi Radhiya, jirani yake, ndiye aliyemkosha. Alisema viganja vya maiti vilikuwa vimeumuka na kukunjamana, kama vya mtu aliyefua tangu alfajiri. Kuhusu uzito wa jeneza wanaume hawakusema kitu. Walilibeba upesi upesi, na Ahmada alikuwa mmoja wao, na bega lake lilijua.

Picha zote tisa zilirudi na meli. Othman alikwenda nazo, hakurejea Pemba tena.

Matanga yalikaliwa kwa Bi Radhiya, kwani nyumba ya marehemu ilifungwa, na ufunguo alikuwa nao Ahmada. Siku ya nne asubuhi alikwenda kuifungua, apate kugawa vitu vyake. Msellem, mume wa Bi Radhiya, alimwambia atangulie, yeye anakuja.

Ahmada aliingia uani. Akasimama.

Kwenye kamba ya uani zilikuwa zimeanikwa nguo. Kanga zote za Bi Moza, na ukaya wake wa kichwani, na shuka ya kitanda chake, zimefuliwa, zimekamuliwa, zinadondoka maji. Mwishoni mwa kamba ilining'inia nguo nyeupe ndefu, ya kufunga mbele, yenye mikanda miwili mgongoni. Nguo ya mshono ule haikuwahi kushonwa Kiuyu. Ahmada aliijua. Aliwaona wanawake ishirini wameivaa.

Chini ya kamba mchanga ulikuwa umerowa, na juu ya mchanga palikuwa na nyayo. Mguu mtupu, mdogo. Zilitoka kwenye kamba zikaenda mpaka mlangoni. Za kurudi hazikuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyoufunga mwenyewe, na ufunguo umo mfukoni mwake.

Aliukaribia. Ndani mtu alikuwa akipumua, taratibu, pumzi za mtu aliyechoka anayekaribia kulala.

Angeweza kumwita mkewe. Safari hii hapakuwa na watu, wala bei aliyoambiwa, kwani ilikwisha kulipwa. Ahmada aliweka kiganja chake kwenye mbao za mlango. Akafungua mdomo. Alikaa hivyo mpaka Msellem akamkuta, na Msellem alisimulia baadaye kwamba midomo ya Ahmada ilikuwa ikienda, ikienda, wala hakusikia hata neno.

Msellem ndiye aliyeuchukua ufunguo akafungua. Ndani hapakuwa na mtu. Kitandani godoro lilikuwa limebonyea, mahali pa mtu mmoja aliyelala ubavu, na pale palipobonyea palikuwa na joto.

Kanga zilikauka kabla ya adhuhuri, Bi Radhiya akazianua. Ile nguo nyeupe haikukauka. Waliiacha juani siku tatu, ikadondoka siku tatu. Mwisho Msellem aliichukua kwa kijiti, akaifukia nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya matumbawe ambapo hapaoti hata nyasi.

Nyumba ile ilikwisha kuanguka. Lakini nenda Kiuyu wakati wa kiangazi, visima vinapokauka na ardhi inapopasuka, uulize kwa Bi Moza. Watakuonyesha pahala padogo, kiasi cha jamvi moja la kusalia. Pamerowa. Na ukiinama, pananuka sabuni.