Korongo Katika Mahindi ya Mayala

Hosiana alikuwa akipepeta mtama uani, mwanawe Masalu mgongoni, mumewe aliporudi kutoka shambani na korongo aliyekufa. Mayala alikuwa amempiga rungu. Alisema wenzake ndege huyo ni zaidi ya mia, wametapakaa kwenye mahindi, na majani yameliwa.

Mahindi yalikuwa ya kufika gotini tu. Mbegu ilikuwa ya mwisho. Yakiliwa hayo, pale kijijini Didia wasingekuwa na chakula hadi mwaka mwingine.

Mayala alikuwa amekaa miaka sita machimboni Mwakitolyo. Jembe alilishika tena msimu huu. Aliingia stoo, akatoka na sinia la punje alizoziloweka kwenye sumu tangu jana.

"Baba Masalu, subiri nimwite bibi shamba," Hosiana alimsihi. "Kwenye darasa letu la jioni alituambia ndege hawa..."

"Darasa la jioni," Mayala alicheka. "Basi waandikie barua waondoke."

Akaenda zake. Hosiana alimtia yule korongo kikapuni, akakata njia ya mkato hadi kwa Melania, bibi shamba wa kijiji. Melania hakuuliza mengi. Aliwapakia kwenye pikipiki.

Walipofika shambani, sinia lilikuwa nusu tupu.

Melania hakumgombeza Mayala. Alimsalimu, akaomba kisu, akapasua firigisi ya korongo mbele yake. Ilikuwa imejaa viwavijeshi. Wengine milia yao ilionekana bado.

"Nionyeshe kipande kimoja cha jani la mahindi humu," alisema.

Mayala alipekua kwa kijiti. Hakukiona.

"Anayekula majani yako ni kiwavi, Baba Masalu. Korongo anamfuata kiwavi. Kwao Ulaya baridi ikianza, wadudu wanaisha. Ndiyo maana wanasafiri wiki nyingi, wanapanda na hewa ya moto, mabawa wametandaza tu. Machi wanarudi kwao kuzaa. Ukiwaua hapa, viota vya kule vitabaki vitupu. Na hawa viwavi utamwachia nani?"

Mayala alilitazama sinia.

"Nimeshamwaga punje kwenye mistari minne," alisema taratibu.

"Kiwavi aliyeigusa sumu hiyo atamuua korongo atakayemla," Melania alisema.

Kundi lilikuwa likiielekea mistari hiyo, vichwa chini, hatua kwa hatua. Hosiana alikimbia. Alipiga makofi, akapunga khanga, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Masalu mgongoni akicheka. Korongo wa mbele alikuwa hatua tano kutoka kwenye punje aliporuka. Wote wakamfuata.

Melania alimpa Mayala glovu. Waliokota punje moja moja, wakigeuza kila bonge la udongo, hadi jua la saa saba. Wakazifukia kwenye shimo refu, mbali na kisima. Mayala akanawa kwa sabuni mara tatu. Kuku wakafungiwa.

Kesho yake korongo hawakuja. Viwavi walikuwa wakitafuna. Siku ya pili, hawakuja pia, na Mayala hakula.

Siku ya tatu asubuhi alimwita mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Korongo walikuwa wamerudi, wakipita mstari kwa mstari. Baada ya wiki moja, kumpata kiwavi ilikuwa kazi. Mahindi yakatoa majani mapya.

Mei walivuna. Wenzake wa machimboni walipokuja kula ugali, wakamuuliza nani alimsaidia shambani.

"Vibarua wangu," alijibu Mayala. "Wamekwenda Ulaya kulea watoto. Wakirudi Novemba, asiwaguse mtu."