Kidonge Kilichokosekana

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa sauti ya baba akizungumza na mguu wake.

"Aah! Taratibu, bwana. Taratibu!"

Alikuwa anashuka kitandani. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kisigino chake cha kulia kilimchoma kana kwamba amekanyaga msumari, naye akaenda bafuni kwa ncha za vidole huku akishika ukuta. Akishatembea kidogo maumivu yalipungua, lakini jioni, baada ya kazi, yalirudi yaleyale.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa tayari jikoni. Mama alikuwa mwoka mikate na alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo binti ndiye aliyepanga dawa za baba kwenye kibakuli. Zilikuwa nyingi. Miaka miwili nyuma baba alikuwa mnene hata kujifunga kamba za viatu hakuweza. Madaktari walimfanyia upasuaji wakalipunguza tumbo lake. Tangu siku hiyo alikula chakula kidogo kama cha mtoto, akanywa maji kwa mafunda madogo, na kila siku akameza vidonge vya vitamini na madini, maana chakula kidogo hakimtoshelezi mtu mzima.

Kidonge kimoja tu katika kibakuli hakikuwa vitamini. Kilikuwa cha kuzuia kifafa, ugonjwa uliomwanza mwaka uliopita. Kwa umbo kilifanana na vingine, cheupe vilevile.

"Nesi wangu, tayari?" baba aliuliza. Hilo ndilo jina alilompa.

"Tayari, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Leo umenipikia nini, mchuzi wa vidonge?"

Akameza kimoja baada ya kingine bila kuvitazama, huku mkono wa pili ukikanda kisigino. Alimwamini binti yake kabisa.

Baba alikuwa kinyozi. Kutwa nzima alisimama kwenye sakafu ya saruji amevaa ndala zilizolika, akizunguka vichwa vya watu. Baada ya upasuaji alipungua mpaka fundi cherehani akachoka kumpunguzia suruali. Lakini tangu aanze dawa ya kifafa, mwili ulianza kurudi polepole. Na kinyozi hana pa kujificha. Wateja wote wanamwona, na wateja wana midomo.

"Kinyozi, naona tumbo lako limerudi kutoka likizo!"

"Limepita kusalimia tu," baba alijibu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba naye alicheka. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa amekihamisha kioo kikubwa kutoka chumbani na kukigeuzia ukutani.

Shuleni mambo hayakuwa bora. Nyuma ya dawati la binti yule aliketi mvulana aliyeitwa Kasuku, kwa sababu kila kilichosemwa nyumbani kwao alikisema darasani.

"Baba yako alipasuliwa bure," Kasuku alimwambia siku moja wakati wa mapumziko. "Mama anasema amerudia kula kama zamani."

Ulikuwa uongo mtupu. Binti alikiona chakula cha baba yake kila siku, na alijua hata paka angelalamika. Angeweza kujibu. Badala yake aliinama akajifanya anafunga kiatu, na moyoni akaona aibu. Si kwa ajili ya Kasuku, bali kwa ajili ya baba yake.

Jioni ile shangazi, dada yake baba, alipita kuwajulia hali. Akamwambia mama kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha:

"Wifi, kaka yangu hali kitu. Ni hivyo vidonge vya kifafa vinavyomnenepesha. Na huo uzito ndio unaommaliza kisigino."

Binti alikuwa anaosha vyombo. Akasimama na sahani mkononi. Kumbe basi! Kidonge kinaleta uzito, uzito unaleta maumivu. Ukikiondoa kidonge, baba atapungua, kisigino kitapona, na Kasuku atafunga mdomo. Ilikuwa hesabu nyepesi, na kama hesabu nyingi zinazofanywa bila kumuuliza mwalimu, ilikuwa na kosa kubwa katikati.

Asubuhi iliyofuata alipanga kibakuli kama kawaida. Kidonge cha kifafa akakitia kwenye mfuko wa sare yake.

"Nesi wangu, tayari?"

"Tayari," akajibu.

Siku ya kwanza alikuwa na hofu tele. Siku ya pili hofu ilipungua. Baba alikuwa mzima, akitania watu vilevile, na binti akaanza kujiona mwerevu kuliko watu wazima wote wa ukoo wao. Lakini kila baba alipomwita nesi wangu, roho ilimsuta, naye akageuka haraka akajishughulisha na birika. Kisigino hakikupata nafuu yoyote. Alijiambia kwamba uzito hauondoki kwa siku moja.

Wiki ilikuwa haijaisha. Binti alikuwa dukani kwa baba baada ya masomo, akifagia nywele. Kwenye kiti alikaa fundi redio, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Baba alikuwa anasimulia kisa, akanyamaza katikati ya sentensi. Mashine ya kunyolea ikamtoka mkononi. Kabla binti hajasema lolote, baba alianguka, paji la uso likagonga ukingo wa rafu, na mwili mzima ukaanza kutetemeka.

"Lete kijiko! Mtieni kijiko mdomoni!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Hakuna kijiko!" fundi redio alimkemea. "Usimtie kitu mdomoni. Sogezeni kiti. Wewe binti, nipe taulo."

Binti alikuwa amekufa ganzi, ufagio mkononi. Fundi redio akalichukua taulo mwenyewe, akaliweka chini ya kichwa cha baba, akamlegeza kola, na mtetemeko ulipokoma akamlaza ubavu. Damu ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye paji la uso. Binti aliitazama na kujua, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba yeye ndiye aliyeimwaga.

Hospitalini walimshona baba, wakampa kitanda. Mama alifika mbio, unga bado umemjaa mikononi. Akaja daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akavuta kiti.

"Baba, dawa yako ya kifafa unaimeza kila siku?"

"Kila siku, Daktari. Binti yangu huyu ndiye anayenipangia. Hakosei hata kidogo."

Binti aliangalia sakafu.

Daktari akashusha pumzi. "Basi dawa imeshindwa kukutosha. Itabidi tuipandishe sana, tena tuongeze na nyingine. Na kazi ya wembe na mkasi, baba yangu, uiache kwanza. Safari hii umeangusha mashine tu. Siku nyingine huenda ikawa wembe shingoni mwa mtu."

Baba alivitazama vidole vyake. "Kunyoa ndiyo kazi ninayoijua," alisema. "Niache niende wapi?"

Daktari alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Binti aliiona ikielekea kwenye karatasi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Baba angepewa dawa nyingi asizozihitaji, angenenepa zaidi, na duka lingefungwa. Alitaka kukimbia mpaka barabarani asirudi tena.

"Usiandike!" alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Daktari, tafadhali usiandike. Hajameza dawa. Mimi sikumpa."

Akatia mkono mfukoni, akatoa vidonge vyeupe vilivyoshikamana na uzi na vumbi, akaviweka kwenye shuka.

Mama ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mtoto wewe! Ulitaka kutuulia baba?"

"Nilitaka kisigino kipone," binti alisema, machozi yakimshuka. "Shangazi alisema vidonge vinamnenepesha. Na... na nilichoka kuchekwa."

Baba alimtazama muda mrefu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aligeuza uso kuelekea ukutani, na jambo hilo lilimuuma binti kuliko kofi lolote.

Daktari akairudisha kalamu mfukoni. "Umefanya kosa la hatari sana," alimwambia. "Mtu akikatiza dawa hii ghafla anaweza hata kufa. Sikufichi. Lakini umesema kabla sijamwandikia dawa asizozihitaji." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe? Umekuja kliniki mara ngapi hukuniambia kwamba unanenepa?"

Baba alijibu akiwa bado ametazama ukuta. "Niliona haya. Nilidhani utasema nimerudia ulafi."

"Shangazi mtu hakukosea. Dawa hii huwanenepesha baadhi ya watu, na si ulafi. Zipo nyingine. Tutakubadilishia taratibu, ile inapungua huku hii ikiongezeka. Lakini kuipunguza ni kazi yangu, si ya mtu jikoni."

Akamwomba anyooshe mguu, akabonyeza chini ya kisigino. Baba aliruka. Daktari akaeleza kwamba chini ya wayo kuna utepe mgumu unaotoka kwenye kisigino kwenda vidoleni. Ukivutwa kutwa, unaumia. Usiku unakaza, ndiyo maana hatua ya kwanza asubuhi huwa chungu.

"Uzito unachangia," alisema, "lakini hata saruji na ndala zako zina kesi ya kujibu. Tafuta viatu vyenye soli nene. Nyoa umekaa kwenye stuli kila inapowezekana. Na kabla hujashuka kitandani, pitisha taulo chini ya vidole, uvivute kuelekea kwako. Jioni bingirisha chupa ya maji baridi chini ya wayo. Halafu usinunue dawa za maumivu ovyo dukani. Tumbo lililopasuliwa kama lako linaweza kupata vidonda. Niulize kwanza."

Baba alipumzika nyumbani mpaka daktari alipomruhusu kurudi kazini. Siku ya kwanza alimaliza kichwa cha fundi redio, ambaye alikuwa amevaa kofia muda wote huo, akikataa kwenda kwa kinyozi mwingine. Mambo mengine yalikwenda polepole. Dawa ilibadilishwa kama alivyosema daktari. Taulo lilikaa kitandani. Asubuhi baba aliendelea kuuambia mguu maneno, ila yalikuwa machache na ya upole zaidi. Uzito uliacha kupanda.

Lililobaki lilikuwa moja. Sasa, kila asubuhi, baba alimwaga vidonge kwenye kiganja, akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kumeza. Na hakumwita tena nesi wangu. Binti alisimama pale akitamani sakafu ifunguke.

"Baba," alisema siku moja, "ukitaka, Mama awe anapanga usiku. Najua huniamini."

Baba akaweka kikombe chini. "Kaa."

Akakaa.

"Nilikasirika. Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Lakini kukagua huku si adhabu. Huu ni mwili wangu, nami nilikuwa namezeshwa bila kutazama, kama mtoto. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilimficha daktari unene, wewe ukanificha kidonge, na wote wawili tulikuwa tunaona aibu ileile. Tungeisema mapema, hata hili kovu nisingekuwa nalo. Mtu akiumwa aseme panapouma. Akiona aibu aseme vilevile. Hapo ndipo anaweza kusaidiwa."

Binti alikunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua. "Basi kuna jingine."

"Sema."

"Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Mwalimu alituambia tangu wiki iliyopita. Nilikuwa sitaki ujue."

"Kwa sababu ya mwili wangu?"

Akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kuinua macho. Uso wa baba ulionyesha wazi kwamba neno lile limemchoma. Alimeza kidonge cha mwisho, akanywa funda dogo la maji.

"Limeniuma," alisema. "Lakini nashukuru umelisema mbele yangu. Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja."

Ijumaa walifika mapema. Baba alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vyake vya soli nene. Kwenye mlango wa ukumbi alisimama Kasuku na mama yake. Binti alihisi miguu ikitaka kubaki nyuma hatua moja, kama mtu asiyefahamiana na huyo aliye mbele. Aliilazimisha ikaenda.

"Huyu ni baba yangu," alimwambia Kasuku, na sauti yake ikawafikia hata waliokwisha kukaa. "Kuna dawa ilimnenepesha. Anakula kidogo kuliko wewe. Ukitaka kujua kingine, muulize mwenyewe."

Mama yake Kasuku akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Baba alitembea mpaka safu ya mbele kabisa, akavuta viti viwili, akaketi kwenye kimoja, na kile kingine akakipigapiga kwa kiganja ili binti yake aje akae.