Kifaa Kilisema Gari ni Zima

Mke alikuwa mwoka mikate. Mumewe ndiye aliyeisambaza madukani kwa gari lao kuukuu, na siku nyingi walikwenda pamoja.

Asubuhi moja taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani. Mume hakushtuka. Alikuwa amenunua kifaa kidogo cha kupima gari, cha bei nafuu. Alikichomeka chini ya usukani, akatazama majibu kwenye simu yake.

"Hakuna hitilafu," alisoma. "Gari liko buheri wa afya."

"Na hiyo taa?" mke aliuliza.

"Uzee tu, kama wangu."

Wakacheka, wakaondoka.

Kwenye mteremko wa shule, mume alikanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini. Alikanyaga tena na tena, akavuta breki ya mkono. Gari likasimama karibu kabisa na watoto waliokuwa wakivuka. Nyuma, mikate ilimwagika.

Mke akampigia simu jirani yao, mwalimu wa udereva. Alipofika, aliinama kwenye gurudumu la nyuma.

"Mafuta ya breki yanavuja," alisema. "Msiliendeshe tena. Livutwe mpaka gereji."

"Kifaa kimenidanganya," mume alisema. "Nakitupa."

"Usikitupe, shemeji. Kimepima injini tu. Vingi vya bei hiyo havisomi breki. Wewe umelichukua jibu la injini ukalifanya la gari zima."

"Niliuliza kuhusu taa," mke alisema taratibu. "Kisha nami nikacheka."

Mume aliinamisha kichwa. "Sasa kina faida gani?"

"Taa ya injini ikiwaka, kitakupa namba ya hitilafu," jirani alijibu. "Namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Haikuambii ununue kipuri gani. Mpelekee fundi, apime. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka, hapo hakuna mjadala. Simama."

Breki zikatengenezwa. Miezi ikapita, kisha taa ya injini ikawaka, na gari likaanza kukwamakwama. Kifaa kilionyesha silinda moja haifanyi kazi vizuri.

"Nikanunue plagi mpya ya silinda hiyo," mume alisema.

"Tumwone fundi kwanza," mke alimjibu.

Fundi alisoma namba ile, akaenda moja kwa moja kwenye silinda hiyo. Waya wa plagi yake ulikuwa umelegea. Akaukaza, injini ikatulia. Wakatoka gereji bila kununua kipuri hata kimoja.