Upande wa Ndani wa Kioo

Hilux nyeupe ilikata kona bila kupunguza mwendo.

Pasi akaikata kona hiyo hiyo, tairi zikilia. Kazini, idara ya upelelezi, walimpa jina hilo kwa sababu akikasirika hagusiki, na asubuhi hii alikuwa amekasirika tangu alipofumbua macho. Dada yake, wa baba mmoja mama mmoja, alikuwa siku ya tatu chini ya ulinzi. Msaliti, walisema. Kauza utando.

Kauza! Miaka minane mwanamke yule alisimama mbele ya jiko la maabara, akipulizia dawa ya bati yenye chembe za florini juu ya kioo cha moto, mpaka akapata utando usioonekana kwa macho, unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Kioo kitupu hakipitishi umeme hata ukikibembeleza. Cha dada kilipitisha. Sasa vipande vyake kumi na viwili vilivyo bora vilikuwa vimeibwa kabatini, na daftari lake pia. Mgeni aliyekuwa ndani ya Hilux ile akivifikisha kwao akavisajili kwa jina lake, dada angezeekea gerezani, na nchi nzima ingepiga magoti kuomba ruhusa ya kutengeneza kitu chake yenyewe.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Mkubwa, bosi wake.

"Ndege yake inaruka saa tano. Ukimkosa, sina cha kumtetea dada yako."

"Simkosi."

Akaipita Hilux kwa kulia, akaizibia njia mbele ya ghala la mizigo la uwanja wa ndege, akashuka na bastola ya Glock mkononi. Mgeni akashuka pia, suti ya kijivu, mikono juu, bila haraka hata kidogo. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku moja la mbao. Ndani, picha za maua, kila moja na fremu yake na kioo chake.

Zawadi za ndugu, alisema mgeni. Vibali anavyo vyote.

Pasi akazihesabu. Kumi na mbili.

Lakini kwa macho kioo ni kioo tu, na hakuna hakimu anayefunga mtu kwa hesabu ya picha. Alihitaji mtu wa kupima. Mbali na dada, anayeijua kazi ile alibaki mmoja: shemeji yake, mume wa dada, fundi wa maabara ile ile. Akampigia. Shemeji alifika baada ya robo saa, anahema, macho mekundu, anamlilia mkewe.

Akavaa glavu nyeupe za pamba zenye uzi mwekundu mkononi. Dada ndiye aliyemshonea, maana za dukani hazikuenea viganja vile. Akatoa mita yake ya Fluke ya kupimia umeme na kuwaeleza walinzi wa uwanja waliokwisha kusogea kwamba umeme ukipita, italia. Akagusisha ncha zake mbili kwenye kioo cha kwanza.

Kimya.

Cha pili, kimya. Mpaka cha kumi na mbili, kimya.

"Vya kawaida, shemeji," akasema, akitikisa kichwa. "Tumechezewa."

Mgeni akatazama saa, akatabasamu. Hakumtabasamia Pasi. Alimtabasamia shemeji.

Pasi akaliona tabasamu lile. Akampigia Mkubwa, akataka kuongea na dada. Mkubwa akaanza habari za taratibu. Pasi akamwambia ampe simu, la sivyo atakuja kumpa mwenyewe. Mkubwa akampa.

Sauti ya dada ilikuwa imechoka. Hakumwacha amalize kueleza.

"Mmepima upande gani?"

"Wa nje."

"Utando uko upande mmoja tu, mdogo wangu. Kioo hakipimwi mpaka ukigeuze. Hata anayefagia maabara yangu analijua hilo. Nani kawapimia?"

Pasi akaipokonya mita mkononi mwa shemeji, akabandua mgongo wa fremu kwa kisu, akalitupa ua chini na kugusisha ncha upande wa ndani.

Mita ikalia. Mlio mrefu, na dada akausikia huko aliko.

Akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni mume wangu?"

"Ndiye."

"Miaka minane!" Shemeji alipasuka, wala hakujaribu kukana. "Miaka minane naitwa mume wa mtaalamu. Mimi je? Mimi sina jina?"

Ngumi ya Pasi ilikuwa tayari hewani. Alimchukia mtu huyu aliyekula mezani kwao, akamtia mkewe doa, kisha akaja kumlilia mbele za watu bila haya.

"Usimpige," dada akasema simuni. "Mvue glavu zangu."

Pasi akashusha mkono. Akamvua, kidole kimoja kimoja, na shemeji akaanza kulia, safari hii kweli. Walinzi wakawatia pingu wote wawili. Daftari lilikutwa ndani ya begi la mgeni, limeviringishwa kwenye shati.

Pasi akalichukua, akatia glavu mfukoni na kutembea polepole kurudi kwenye gari, simu sikioni.

"Mkubwa, mfungulie dada mlango. Nakuja kumchukua."

"Sawa."

"Na nikifika nikukute umesimama, unamwomba radhi."

Akakata simu. Juu ya ghala, ndege ya saa tano ilikuwa inapaa, na kiti kimoja kitupu.